Shali la Pasta Mutuma

Nikikumbuka ile Jumapili, hasira zinanipanda upya. Pasta Mutuma mwenyewe ndiye aliyemwalika mgeni wangu Tirza kanisani kwake hapa Kiirua, nami nikamsindikiza. Tirza ni Myahudi, mtaalamu wa mbegu za viazi. Pasta alijifunika lile shali la maombi la Kiyahudi analolipenda, akapuliza pembe ya kondoo, kisha akamwita mbele.

“Dada, si Wayahudi wote mnamngoja Masihi?”

“Mungu ni mmoja, hapo sote tunakubaliana,” Tirza akajibu. “Binamu zangu wa Kiorthodoksi, Wayahudi wanaoshika mapokeo ya kale, wanamngoja mtu wa ukoo wa Daudi. Sisi Wayahudi wa Mageuzi, dhehebu jingine, tunangoja enzi ya amani, na ni kazi yetu kuileta.”

“Basi wewe si Myahudi kamili!”

Watu wakacheka. Mimi nikasimama.

“Pasta, ulihama kanisa letu kwa ugomvi wa ubatizo, ukajenga lako ng'ambo ya barabara. Kuna aliyekuambia wewe si Mkristo kamili?”

“Mama Kaari, keti.”

“Siketi! Kama yeye si Myahudi kamili, wewe uliyejifunika shali la babu zake ni nani?”