Kiti Ambacho Balozi Hakukiacha

Hivi wewe, umewahi kumwona balozi akikosa maneno? Huyu alikaa jikoni kwa dada yake, kofia mapajani, chai ikimpolea. Mama yao alipofariki, yeye alikuwa kwenye mazungumzo ya kumaliza vita. Angeondoka, kiti kingebaki wazi, na upande wa pili ungesema nchi yake imesusia. Basi hakuondoka. Mkataba ukatiwa saini, mama akazikwa na majirani.

“Pande zote mbili zimesikitishwa na yaliyotokea,” alianza.

“Pande zipi? Mimi nilikuwepo mazikoni!” Dada yake aliendelea kumenya viazi. “Ubalozi uache mlangoni, kaka, pale penye ndala.”

Balozi alicheka kidogo. Akainuka kitini, akachuchumaa karibu yake.

“Nilitaka kumzika mama,” akasema. “Nisamehe, dada.”