Swichi ya Chumba cha Hsiu-chin

Bili ya umeme ya nyumba ile ya mjini Tainan iligawanywa kwa mita ndogo zilizofungwa kwenye mlango wa kila chumba, na kila mara fungu nono lilimwangukia Hsiu-chin, fundi cherehani mwenye feni moja na sufuria ya umeme ya wali. Alipolalamika, mwenye nyumba, Mzee Tsai, alimcheka. "Mita haina chuki na mtu, mama. Labda unapika usingizini."

Maneno hayo yalimchoma. Jumapili mchana, Mzee Tsai alikuwa ghorofani kwake na wageni, akiimba nyimbo za mapenzi za ujana wake kwenye maiki, mtaa mzima ukimsikia upende usipende. Hsiu-chin akazima feni, akachomoa sufuria, akazima na taa. Mita yake ikazidi kukimbia kama inafukuzwa.

Akawaita wapangaji wenzake wawili. "Njooni mshuhudie."

Akaishusha swichi kuu ya chumba chake. Kule juu wimbo ukakatika katikati ya neno. Akaipandisha, muziki ukaanza upya. Akaishusha tena, na safari hii akaegemea ukuta, akakunja mikono.

Mzee Tsai akashuka ngazi mbio, jasho likimtiririka, maiki bado mkononi, wageni wake wote nyuma yake. "Nani kazima umeme wangu?"

"Wako sijaugusa, mzee," alisema Hsiu-chin taratibu, ili wageni nao wasikie. "Nimezima wa chumbani kwangu tu."