Chini ya Meza ya Bi Earlene

Kibao kile walikiona kabla hata hawajaiona nyumba yao. Kilikuwa kimechomekwa kwenye nyasi za jirani, kimeandikwa kwa mkono, herufi kubwa nyekundu: MKALIFORNIA, RUDI KWENU. Efraín Olvera alikuwa ameshika usukani wa lori la kukodi kwa siku mbili, mgongo unamuuma, mkewe Maricela kalala mdomo wazi, na binti yao Noemí amebanwa katikati na chungu cha mpungate mapajani. Akapunguza mwendo, akasoma, akasoma tena. Kisha akaipita nyumba yake mwenyewe bila kusimama, akaenda kuegesha nyuma ya kanisa, akashuka kwenda kung'oa kibao cha namba kwenye gari lao dogo lililokuwa likivutwa nyuma ya lori.

"Baba, hilo si kosa kisheria?" Noemí aliuliza.

"Kosa ni kutoka Kalifornia. Nipe bisibisi."

Hivyo ndivyo familia ya Olvera ilivyoingia Texas, kwa kunyatia, kama watu waliokuja kuiba kuku.

Tusimcheke sana. Kule Pacoima, pembezoni mwa Los Angeles, Efraín alikuwa fundi wa viyoyozi, fundi mzuri, mwenye kazi kila siku ya Mungu, na bado aliishi na mke na mtoto katika gereji ya shemeji yake. Noemí alikuwa akifanyia kazi za shule juu ya mashine ya kufulia. Kila nyumba waliyoitamani ilipanda bei wakiwa bado wanaitazama. Texas, wakaambiwa, nyumba zipo, tena za vyumba vinne na bustani, kwa hela ya mtu wa kawaida. Hata lori lilijua mambo. Kulikodi kwenda Texas kuliwakausha kabisa, lakini mwenye malori aliwaambia kwamba anayetaka kulirudisha Kalifornia atapewa karibu bure, maana malori yote yanaishia huko na hayarudi. Hapo mtu mwenye akili timamu angejiuliza hao waliotangulia na malori wako wapi. Efraín hakujiuliza.

Jioni ile ile akaweka masharti. Kuanzia leo wao ni watu wa Texas, wametoka mji wa Lubbock. Hakuna kuvua viatu mlangoni. Hakuna kuisifu bahari. Hakuna kuweka viatu chini ya kitanda tayari kwa kukimbia. Na Maricela alipotoa drili kwenye sanduku ili afunge kabati la vyombo ukutani kwa skrubu, kama walivyofunga kila kabati maisha yao yote kwa hofu ya tetemeko, Efraín alimnyang'anya.

"Unataka kutuumbua? Nani hapa anafunga kabati ukutani? Mgeni akiingia akaona skrubu zile, tumekwisha."

"Kabati likituangukia je?"

"Ardhi ya huku haitikisiki, Maricela. Ndiyo maana nyumba ni rahisi."

"Hiyo siyo sababu na unajua," Maricela akasema. Akakaa juu ya boksi. "Sasa nisikilize, Efraín. Nimeacha dada zangu, nimeacha kanisa langu, nimeacha hata muuza vitafunio vya tamale aliyekuwa ananijua kwa jina. Nimekufuata. Lakini kuishi kwa uongo sitaweza. Nakupa mpaka Sikukuu ya Shukrani, mwezi wa kumi na moja. Siku hiyo ikipita sijapata hata mtu mmoja wa kukaa naye nikaongea bila kudanganya, mimi na Noemí tunarudi gereji. Wewe baki na vyumba vyako vinne."

Efraín alicheka. Mke hakucheka. Usiku huo Efraín alilala vibaya, na kila usiku baada ya huo.

Badala ya kuacha uongo, aliuongeza. Alinunua buti za ngozi zenye ncha, namba moja pungufu kwa sababu zilikuwa zimebaki hizo tu. Alinunua kofia pana. Alianza kuongea polepole, maneno yakivutwa mpaka Noemí akawa anamalizia sentensi zake kwa kukosa subira. Jirani wa ng'ambo ya barabara, jitu la haiba liitwalo Buck, ndilo lililomtisha zaidi. Buck alikuwa Mteksasi mpaka kwenye kope. Kofia haikumtoka hata akiwa anamwagilia maua, na mkanda wake ulikuwa na bizimu kubwa kama sahani ya chai. Alisema ukoo wao umefuga ng'ombe tangu enzi na enzi. Mara moja walikutana penye mapipa ya taka.

"Na nyie huko Lubbock mlifuga?" Buck aliuliza.

"Sana," Efraín akajibu. "Nyie mnawalisha nini?"

Buck akafikiri. "Nyasi."

"Eeh. Nyasi ni nzuri."

"Nzuri mno."

Wakatazama mapipa, kila mmoja akiomba moyoni swali lisiendelee. Kisha Buck akakumbuka kwamba simu yake inaita, ingawa haikuita.

Mwenye kibao alikuwa Bi Earlene, mjane mwenye nywele nyeupe na mikono ya mkulima. Alizaliwa pale pale kabla mtaa haujawa mtaa, kulipokuwa na malisho ya baba yake tu. Wiki ya kwanza aliwaletea pai ya njugu, ya moto.

"Mmetoka wapi, wanangu?"

"Hapa hapa, mama. Lubbock," Efraín akasema, kofia kifuani.

"Lubbock upande gani?"

"Upande wa... juu. Kule mlimani."

Bi Earlene akamtazama. Lubbock ni tambarare mpaka maji yenyewe hayajui yaelekee wapi. Aliziangalia buti, akamwangalia Maricela kwa huruma, akaenda zake.

Na huyo ndiye mtu pekee mtaani ambaye Maricela alimpenda. Alimwona kila asubuhi kupitia dirisha la jikoni, akitamani kutoka na kikombe chake wakakae barazani. Lakini kila alipofika mlangoni alikumbuka Lubbock, akarudi. Vitu vikaanza kurudi kwenye maboksi, kimoja kimoja. Leo sufuria, kesho picha za dada zake. Efraín aliviona na kujifanya haoni, kama mtu anayekaribia kufukuzwa kazi.

Ikafika Sikukuu ya Shukrani. Bi Earlene akawaalika majirani mchana, na Efraín akashukuru Mungu, akiona hii ni nafasi yake ya mwisho. Meza ilikuwa ya marehemu baba yake Bi Earlene, ya mbao nene, ndefu, imejaa bata mzinga, nyama ya kidari iliyolala motoni usiku kucha, mikate ya mahindi, viazi vitamu. Alikuwepo Buck na mkewe Loretta aliyevaa koti lenye pindo za ngozi zinazoning'inia, na mchungaji kijana wa lile kanisa, Wade, ambaye katika kila mahubiri alikuwa akitaja vumbi takatifu la Texas. Olvera watatu wakakaa mwisho wa meza. Maricela hakumtazama mumewe.

Mchungaji akasimama kuomba. "Bwana, tunakushukuru kwa ardhi hii imara uliyotupa..."

Ardhi ikatikisika.

Kwanza vioo vililia, kisha bata mzinga akasogea mwenyewe kwenye sinia. Efraín hakufikiri. Hakuna mtoto aliyesomeshwa Kalifornia anayefikiri: unaporomoka, unaingia chini ya meza, mkono mmoja unafunika shingo, wa pili unashika mguu wa meza, huachii. Walifundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kusoma. Aliingia chini kwa kasi mpaka kofia ikabaki hewani, na huko akagongana paji la uso na Buck.

Mchungaji alikuwa ameshawatangulia wote. Amina aliiachia juu.

Walikuwa sita, na miguu ya meza ni minne. Kukawa na ugomvi.

"Huu nimeushika mimi!" Buck alifoka, macho yamemtoka, kisha akamwita mama yake kwa Kiajemi.

"Funika shingo, dada, shingo!" Loretta alimwamrisha Maricela. "Usishike pindo langu, shika meza!"

Mtikisiko ukakoma. Chini ya kitambaa cha meza kila mtu aliendelea kushika alichoshika. Maricela alikuwa pua kwa pua na Loretta.

"Umejifunzia wapi hii?" Maricela akanong'ona.

"Chekechea."

"Chekechea ya wapi?"

Loretta akashusha sauti. "Fresno, Kalifornia."

Maricela akafungua mdomo, na kilichotoka ni kicheko. Efraín hakuwa amekisikia tangu Pacoima. Kilikuwa kicheko chake kile cha kukoroma, kibaya kabisa, kinachomwangusha mtu ubavu, na Efraín akiwa amepiga magoti pale akaona machozi yanamlenga.

"Mimi ni Behruz," Buck akasema kwa sauti ndogo, akipapasa bizimu yake. "Kutoka Irvine, huko huko. Nilikuwa nauza mazulia."

"Na wale ng'ombe?" Efraín akauliza.

"Ng'ombe nawaogopa, ndugu yangu. Wana macho makubwa mno."

Wote wakamgeukia mchungaji.

"Bakersfield," mchungaji akasema. "Bwana anisamehe."

Ndipo kitambaa kikainuliwa. Bi Earlene alikuwa amesimama vile vile, sahani ya nyama mkononi, anawachungulia kama mtu aliyekuta paka kabatini.

"Mmepoteza nini huko?"

"Tetemeko, mama!" Noemí akasema.

"Tetemeko gani? Wale wa machimbo ya mawe wamerudi kupasua miamba. Wameanza wiki hii, hata sikukuu hawapumziki. Mtoto wa hapa huendelea kunywa mchuzi wake." Akawatazama mmoja baada ya mwingine, na mdomo ukamcheza. "Haya, tokeni. Nyama inapoa, enyi watu wa Lubbock."

Walitoka wakiwa na vumbi magotini na aibu usoni. Efraín akajikaza. "Ulijua?"

"Mwanangu, ulinijengea mlima Lubbock. Ningekosaje kujua?"

"Na kibao chako? Kilikuwa mzaha?"

Bi Earlene akaweka sahani chini. "Hapana. Kile nilikimaanisha, kila neno. Nyie ni watu wazuri, nawapenda, huyu binti ana adabu. Lakini kila mnapokuja, wakubwa wa wilaya wanapandisha thamani ya nyumba yangu, na kodi ya serikali inapanda nayo. Nyumba niliyozaliwa mimi siwezi tena kuilipia. Nimewaita leo kuwaaga. Nahamia Oklahoma, huko bado kuna nafuu."

Hakuna aliyegusa chakula. Kicheko cha Maricela kilikuwa kimeshageuka kitu kingine, na alikuwa ameshika mkono wa kikongwe. Efraín alijisikia vibaya kama aliyekalia kiti cha mwenzake, na mwenzake akabaki amesimama. Alikuwa ameogopa kibao kile kwa miezi, na hakuwahi hata siku moja kumwuliza mwenyewe kwa nini kipo.

"Ila nina swali moja," Bi Earlene akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ya mtu mwoga. "Watu wa Oklahoma hawatupendi kabisa sisi wa Texas. Nyie mmewahi kuhama, mimi sijawahi. Wakiniuliza nimetoka wapi, niseme nini?"

Macho yote yakamwendea Efraín. Yeye ndiye aliyekuwa na majibu. Angeweza kumwambia ang'oe namba za gari nyuma ya kanisa, anunue kofia ya kule, abadili lafudhi, asiisifu nyama hii mbele za watu. Maricela naye alikuwa akimtazama, na Efraín alijua mkewe anasubiri jibu hili kuliko kikongwe.

Akainama, akavuta buti ya kulia. Haikutoka. Behruz akamsaidia, mmoja huku na mwingine kule, mpaka ikachomoka. Kidole gumba kilikuwa kimevimba, chekundu.

"Sema ukweli, mama," Efraín akasema. "Uongo mimi nimeujaribu. Unabana."

Bi Earlene akacheka mpaka akakaa. "Haya, nimekusikia. Lakini kibao changu naondoka nacho. Kule nabadilisha neno moja tu, nakichomeka."

Maricela alikwenda barazani kwa Bi Earlene kila asubuhi iliyobaki, na kikombe chake, wakapakia pamoja. Siku ya kuondoka walilia bila kuficha, na Efraín alilia zaidi yao, akisema ni vumbi. Meza ya mbao nene haikuingia kwenye gari la mizigo. Bi Earlene akasema ibaki kwa Maricela, maana inaelekea wao wataihitaji.

Kabla ya Krismasi lori jingine likaingia mtaani. Liliipita nyumba ya Bi Earlene bila kusimama, likaenda nyuma ya kanisa, likakaa kidogo, likarudi kusimama mbele ya nyumba hiyo. Akashuka kijana mwenye mke mjamzito. Gari lao dogo halikuwa na kibao cha namba, na buti za kijana zilikuwa na karatasi ya bei kwenye soli.

Efraín akavuka barabara akiwa na ndala. Nyuma yake, nyumbani, drili ilikuwa ikinguruma tangu asubuhi.

"Karibuni. Mmetoka wapi?"

Kijana akavua kofia, akaibana kifuani. "Hapa hapa, mzee. Amarillo."

"Amarillo upande gani?"

"Upande wa... ufukweni."

Kutoka Amarillo mpaka bahari ni safari ya kutwa nzima. Efraín akamtazama mke wa kijana. Alikuwa amesimama kando, mkono tumboni, macho kwenye lori, anafanana na mtu anayehesabu vitu vya kurudisha.

"Ni pazuri sana, ufukweni," Efraín akasema. "Shusheni vyombo taratibu. Na kabati msihangaike nalo, mke wangu akimaliza la kwetu atakuja kuwafungia la kwenu ukutani."