Nguruwe wa Rodel

Rodel, mfungaji wetu tegemeo wa mpira wa kikapu, alinuna wiki nzima, kisa taji la mrembo wa timu, anayetuongoza kwenye gwaride la ufunguzi wa ligi, nilimpa mpwa wangu badala ya mama yake Rodel. Majirani zetu, timu ya San Roque, wakanusa habari. Wakasema watatupatia mchezaji mrefu na nguruwe wa sikukuu yao, nasi tuwape Rodel.

“Kocha, chukua nguruwe!” wachezaji wakapiga kelele. “Kununa hakuliwi!”

Nilikuwa karibu kukubali Rodel alipotokea mlangoni.

“Nguruwe mmoja? Mimi? Wananidharau! Siendi ng'o!”

Basi taji nikampa mama yake, Aling Charing, miaka sitini na mbili. Kwenye gwaride akatembea kama malkia. Mechi ilipoanza, Rodel akafunga pointi arobaini.

Jumapili, kwenye sikukuu yao, San Roque wakatukaribisha kula nguruwe yuleyule. Rodel akaonja, akafumba macho.

“Kocha,” akasema, “kwa huyu ungeniuza tu.”