Mabaka Mikononi mwa Kinyozi

Mteja alikuwa bado na povu kwenye shavu alipoushika mkono wa kinyozi na kuusogeza pembeni.

"Ndugu yangu, hiki nini?"

Kinyozi akatazama. Mabaka yaliyovimba, kama ya mtu aliyepakwa upupu, yalikuwa yamepanda hadi kiwikoni.

"Aleji tu. Haiambukizi."

"Sijasema inaambukiza," mteja alijibu huku akijifuta povu. "Nitapita siku nyingine."

Hakupita tena, na maneno yakaenea mtaani. Wateja wakawa wanamtazama mikono kabla ya kuketi.

Kinyozi alikuwa na pumu tangu utotoni na alijua mwili wake ni mwepesi wa aleji, kwa hiyo alianza kuvilaumu vifaa vyake. Alibadili sabuni, akatupa mafuta, akavaa glavu. Wapi! Mabaka yalikuja na kuondoka yapendavyo, leo shingoni, kesho mgongoni. Mkewe, fundi cherehani, aliacha kupika samaki na mayai, akafua mashuka mpaka yakapauka.

Kisha mchana mmoja mdomo wa juu wa kinyozi ukavimba akiwa kazini. Mkewe alipofika alimkuta anaongea kama mwenye pamba mdomoni. Walikimbilia hospitali, akachomwa sindano, uvimbe ukashuka. Lakini tangu siku hiyo mkewe alikuwa akiamka usiku kusikiliza kama mumewe anapumua.

Daktari wa ngozi, mama mmoja asiye na haraka, aliuliza kinyozi anakula nini.

"Vya kawaida tu, daktari."

"Na vile ambavyo huviiti chakula?"

Mume na mke wakatazamana. Tangu aache sigara, kinyozi alikuwa akimung'unya peremende za njano kutwa nzima. Mkewe ndiye aliyekuwa akimnunulia.

"Mungu wangu," mke alisema. "Kumbe namlisha sumu?"

"Taratibu, mama. Si sumu. Ila wapo wachache wenye aleji ambao rangi za chakula huwasababishia mabaka. Wengi wanaozishuku, tukiwapima, tunakuta sizo. Aziache kwanza, halafu tutampima hapahapa, dawa zikiwa karibu. Nyumbani msijaribu."

Aliziacha, ngozi ikatulia. Lakini ilishawahi kutulia hivyo na kurudi, kwa hiyo hawakuthubutu kufurahi.

Siku ya kipimo kinyozi aliketi kitandani, muuguzi akampa vidonge vilivyofanana, kimoja baada ya kingine. Baadhi vilikuwa unga mtupu, vingine vilikuwa na ile rangi. Hakuna aliyeambiwa kipi ni kipi; majibu yalifungwa kwenye bahasha. Baada ya kila kidonge walisubiri, muuguzi akipima presha na kumkagua ngozi.

Kidonge cha kwanza, kimya. Cha pili, kimya. Kinyozi akaanza utani. "Muuguzi, huyo aliyekunyoa kisogo amekuonea."

Mkewe hakucheka. Alikuwa amekaza macho kwenye mikono ya mumewe, na ghafla akashtuka alipogundua anachoomba moyoni. Alikuwa anaomba mabaka yatoke. Yasipotoka, adui bado hajulikani, na watarudi nyumbani kuogopa kila kitu.

"Sikio linawasha," kinyozi alisema baada ya kidonge kingine.

Muuguzi alisogea. Baka moja chini ya sikio, kisha matatu, kisha shingo nzima. Kinyozi akaacha utani, akaukamata mkono wa mkewe.

"Koo?" muuguzi aliuliza.

"Koo liko sawa. Nawashwa tu. Nawashwa sana!"

Alipewa dawa. Daktari alikuja, akaifungua ile bahasha. "Ni ile rangi," alisema. "Sasa tunamjua adui."

Mke akalia, na hakujua kama ni kwa woga au kwa nafuu.

Hofu haikwisha siku ile. Wiki iliyofuata walialikwa kwa dada wa mkewe, wakaletewa juisi ya njano inayong'aa kama taa. Kinyozi akaitazama glasi. Zamani angekunywa kwa aibu.

"Shemeji, hii ya pakiti?"

"Ya pakiti, shemeji. Vipi, siku hizi unachagua?"

"Siku hizi nachagua. Nipe maji."

Mkewe akainuka kumchotea mwenyewe.