Jaji na Snea ya Bei Chee

Jaji aliihukumu ile snea kabla hajaiona. Alipotajiwa bei tu, alicheka mpaka akakohoa. Snea, ile ngoma ndogo ya bendi yenye nyaya zilizobana ngozi ya chini, kwa bei ya jozi ya viatu? Hiyo, alimwambia binti yake, ni sufuria iliyovishwa ngozi.

Mwaka mzima binti alikuwa amedunduliza kwa kusuka watu nywele, na Jumamosi angeanza kupiga na bendi yake ya kwanza, kwa sharti moja: aje na snea yake mwenyewe. Uwezo wake uliishia kwenye hii. Kosa lake ni kuapa kwamba hatanunua mpaka baba aisikie, na baba huyu hakuwahi kusifu ngoma isiyokuwa yake.

Jina la Jaji alipewa na wanamuziki, si mahakama. Baada ya miaka thelathini na tano ya kupiga kwenye kumbi na harusi, watu walimletea ngoma azigonge mara mbili, akunje pua, atoe hukumu. Aliyehukumiwa alirudisha ngoma dukani bila ubishi.

"Karibu mzee," alisema mwenye duka, mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. "Usiidharau kwa wembamba wake. Ipige kwanza."

Jaji akaizunguka kama anayeuziwa mbuzi mgonjwa. Akaibonyeza ngozi kwa kidole gumba, akagonga karibu na kila skrubu, akakaza mbili kwa ufunguo wa ngoma ambao hakuuacha nyumbani hata akienda msibani. Kisha akapiga kwa nguvu, katikati.

"Nyaya mmesahau kuzibana," akasema. "Inalia kama ndoo."

Mama akauangalia wenzo mdogo wa pembeni, ule unaozibana nyaya. "Zimebana, mzee."

"Basi zimekufa. Hebu zilegeze, nisikie tofauti."

Mama akaushusha wenzo, Jaji akapiga. Akaupandisha, Jaji akapiga tena.

"Mnaona? Ni ileile. Binti, twende zetu."

Hakuna aliyesogea. Binti alikuwa akimtazama kwa namna ambayo Jaji hakuipenda hata kidogo.

"Baba, nyaya zinalia. Zinalia chwaa, mpaka barabarani. Yule muuza maji kageuka."

Jaji alifungua mdomo atukane, kisha akageukia mlangoni. Akamtazama muuza maji. Kweli alikuwa amegeuka. Akakumbuka kwamba mwaka huu pekee alikuwa amezifungia ngoma nne, zote kwa kosa hilohilo la nyaya kufa, na matoazi mapya ya rafiki yake akayaita mabati. Aibu ikampanda mpaka utosini. Nyuma ya aibu kulikuwa na woga, woga wa mtoto aliyepotea sokoni.

Njia ya kuponyoka ilikuwepo, nayo ilikuwa rahisi. Angesema "haifai" na kutoka, jina lake lingebaki salama. Binti alikuwa mtiifu kupita kiasi. Tayari alikuwa anairudisha pochi yake mkobani.

"Ngoja," Jaji akasema. "Ipige wewe."

Akaupitisha mkono chini ya ngoma, akazigusa nyaya kwa ncha za vidole. Binti akapiga. Zikamtekenya mpaka kwenye kiwiko, naye akacheka bila kutaka.

"Ziko hai," akasema. "Ziko hai kabisa, mashetani hawa. Mimi ndiye nisiyezisikia."

"Tangu lini, baba?"

"Ningejua, ningezifungia zile nne? Piga tena. Polepole. Hapo mwishoni zinachelewa kunyamaza; kaza kidogo. Haya. Sasa ni ngoma. Si ngoma kubwa, lakini kwa bei hii mama huyu anaibiwa."

Mwenye duka akavaa miwani yake amtazame vizuri. Alikuwa hajawahi kumsikia Jaji akisifu kitu.

Binti akaitoa pochi, lakini mkono mwingine bado ulikuwa umeshika fimbo. Macho yalikuwa yamemlowa. "Jumamosi utanisikiaje, baba?"

"Niwekee kiti nyuma yako, niishike stendi ya ngoma. Na wewe unisimulie. Hii ya sasa hivi imesemaje?"

Binti akapiga pigo moja jepesi, akasikiliza.

"Imesema twende kwa daktari wa masikio, na tusipitie nyumbani."

Jaji hakuutoa mkono chini ya ngozi. "Twende," akasema. "Ila piga mara moja tena."