Nani Amchinje Ng'ombe wa Kipyego

Mume wangu alijua kuchinja kuliko mtu yeyote kuanzia Eldoret mpaka Turbo, na hakuwahi kuchinja hata kuku.

Simsengenyi. Yupo hapa kwenye kiti chake anasinzia, na akiamka akisikia ninachosimulia atacheka kunishinda. Maalim Idi Shitanda alikuwa akifundisha watoto madrasa, na mlango wa kuchinja ndio alioupenda kuliko yote. Kisu kinolewe mbali na macho ya mnyama. Mnyama asichinjwe mbele ya mwenzake. Aelekezwe kibla, litajwe jina la Mwenyezi Mungu, kisu kipite mara moja bila kumtesa, kisha aachwe atulie kabla ya kuchunwa. Akiyaeleza hayo, hata mimi niliyeyasikia mwaka nenda mwaka rudi nilikuwa naacha mchele kwenye ungo nikisikiliza.

Ila damu! Tone moja likimrukia, mwanaume mzima anatafuta ukuta wa kuegemea.

Mimi baba yangu alikuwa mchinjaji sokoni Mumias. Hakujaliwa mtoto wa kiume, basi mimi ndiye niliyeshika miguu ya mbuzi, na nilipopata nguvu nikashika kisu chake, nilichokuja nacho nilipoolewa. Sikukuu ya Idi ya kwanza baada ya kuolewa nilimkuta Maalim nyuma ya nyumba, kamba mkononi, macho kayafumba, mbuzi anamshangaa. Nikamuuliza kama mwanamke akichinja inafaa. Akasema inafaa, tena bila kufikiri. Nikachukua kisu, nikasema Bismillahi, nikamaliza kazi.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi yetu. Hakumdanganya mtu, maana hakuna aliyeuliza. Watu walikula, wakaramba vidole, wakasema Maalim ana mkono mzuri, naye akanyamaza. Kule kunyamaza kulikuwa kunanikera, nyinyi acheni tu. Na ubaoni kwake kulikuwa na maneno ambayo hakuyafuta kamwe: elimu bila amali ni mti bila matunda. Mti wetu ulikuwa na matunda, lakini yaliivia nyuma ya nyumba ambako hakuna aliyeyaona.

Basi uhuru ukaja, na wazungu wakaanza kuuza mashamba. Mwaka wa sitini na nane tuliungana Wakikuyu, Wanandi na Waluhya, tukanunua shamba la mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Nyumba za Waislamu zilikuwa mbili tu, yetu na ya Mzee Ramadhani Ouma, jirani yetu tangu tulikotoka, askari mstaafu mwenye wajukuu wengi na mikono inayotetemeka hadi chai inamwagika. Siku tuliyomaliza kupiga kura za ploti, kila mtu akaujua mpaka wake. Mama mzima nililia kwa furaha, nikaokota bonge la udongo nikalifunga kwenye kanga. Jirani yetu wa upande wa juu, Kipyego, akasema anatoa ng'ombe tusherehekee.

Mwenyekiti wetu, Bwana Thuo, alishauri Waislamu wapikiwe kuku wao pembeni. Kipyego akakataa kabisa.

"Hapana, Bwana Thuo. Sisi sasa ni watu ya mpaka moja. Siku ya kwanza tunaanza na sufuria mbili, hiyo si tunaanza vibaya? Hii ng'ombe Maalim achinje, tukule yote pamoja. Kama yeye hawezi kukula, hata mimi sikuli."

Machozi yalinilenga. Kisha nikamsikia mume wangu akijibu, "Inshallah, nitachinja." Machozi yakakauka hapo hapo.

Tulipofika nyumbani nilimfuata mpaka jikoni. "Baba Yunusi, utamchinja kwa kitu gani? Kwa hotuba?"

"Mungu atanitia nguvu."

"Mungu ameshakutia mke. Waambie."

Akatazama chini. "Mbele ya watu wote wale? Watasema maalim gani huyu." Wala hakukuwa na mchinjaji wa kuagiza, kwa sababu mvua za masika zilikuwa zimeigeuza barabara ya mjini kuwa uji.

Siku ya sherehe watu walijaa. Virginia, mke wa Bwana Thuo, alikuwa na wanawake wenzake kwenye mafiga, wakisubiri nyama tu. Mume wangu alivaa kanzu nyeupe. Nikajiambia, kanzu nyeupe! Kweli mtu akitaka kuaibika hujipamba.

Ng'ombe akalazwa, akaelekezwa kibla, akashikwa. Maalim akaanza kueleza, na sitamnyima haki yake, alieleza vizuri mno. Kuhusu kisu kilichofichwa, kuhusu huruma, kuhusu jina linalotajwa kwa sababu roho si mali yetu. Bwana Thuo alivua kofia. Kipyego akatikisa kichwa.

"Kumbe hata ng'ombe iko na haki?"

"Anayo," akasema mume wangu. Kisha akainua kisu, ng'ombe akamtazama, naye akamtazama ng'ombe.

Nikaona rangi ikimtoka usoni. Mkono ukaanza kutetemeka kuliko wa Mzee Ouma. Watu wakangoja. Kule kwenye mafiga mtu akakohoa. Nilikuwa nimemkasirikia, lakini kumwona amesimama vile na kanzu yake kuliniuma. Nikajifunga kanga kiunoni, nikapita katikati ya wanaume, nikanyoosha mkono.

"Nipe."

"Simama hapo!" Mzee Ouma alinguruma kama bado yuko jeshini. "Mwanamke achinje? Hiyo nyama mimi siili, na watoto wangu hawaili!"

"Hata kwetu mama hachinji," Kipyego akasema polepole. "Lakini hii ni sheria yenu. Maalim, wewe sema."

Watu wote wakamgeukia mume wangu. Mimi pia nilimtazama. Nilijua jibu analo, na nilijua litakavyomgharimu. Akisema inafaa, watauliza amejuaje kuwa mkono wangu unaweza. Akinyamaza kama alivyozoea, mimi nitarudi jikoni na aibu yangu, na Kipyego hatakula ng'ombe wake mwenyewe.

Kisha akaniwekea kisu mkononi.

"Inafaa," alisema, tena kwa sauti ya darasani. "Zama za Mtume, rehema na amani zimshukie, kulikuwa na mtumishi wa kike aliyekuwa akichunga kondoo na mbuzi. Akaona mmoja anakufa, akavunja jiwe, akamchinja kwa ncha yake. Mtume alipoulizwa, akaamuru aliwe. Nimewafundisha wajukuu wa Mzee hapa hayo kila mwaka." Akamtazama Mzee Ouma. "Ila mimi mwenyewe naogopa damu. Nyama zote za Idi mlizokula kwangu, amechinja huyu."

Halafu Mzee Ouma akanigeukia.

"Ile mbavu ya Idi iliyopita?"

"Ni mimi, Mzee."

"Na ile niliyoomba niongezewe?"

"Ni mimi."

Akafikiri, akajikuna kidevu. "Basi nimeshachelewa kukataa. Chinja, mama."

Kicheko kilichozuka pale nadhani kilisikika Turbo. Kipyego alicheka hadi akakalia ndoo. Mume wangu akapiga magoti kwenye matope na kanzu yake, akazishika pembe, akafumba macho. Nikasema, "Bismillahi, Allahu Akbar," mbele ya watu kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Kisu cha baba yangu kikapita mara moja. Virginia akapiga vigelegele, na wanawake wote wakamjibu, na nikajua ni vyangu.

Tulikula sufuria moja. Kipyego mwenyewe alimkatia Mzee Ouma ini, na mzee akalila mpaka mwisho bila kusema neno.

Wiki iliyofuata, madrasa ilipofika kwenye mlango wa kuchinja, nilisikia naitwa kutoka jikoni. "Mama Yunusi, njoo na kisu. Na kuku." Nikatoka na kuku kwapani, kisu nimekificha ndani ya kanga, mikono bado ina unga.

"Mimi nitasema," aliwaambia watoto, "na mama yenu atawaonyesha. Mkisikia bila kuona, mtakuwa kama mimi."

Watoto wakacheka. Nilisimama pale nimejaa furaha, nikamwelekeza kuku kibla, nikageuka kumtazama mwalimu wao. Hata sijataja Bismillahi, alikuwa ameshauegemea ukuta.